Tangu Lini?

Mwaka juzi, mwezi wa Novemba, Mama alianza kumngoja Baba arudi kutoka kazini. Baba tulimzika mwaka 2009. Alifanya kazi Nyanza Textiles, kiwanda ambacho watu wa Jinja tunakiita Nytil, na king'ora cha kiwanda hicho ndicho kilichotupangia siku utotoni: saa ya kuamka, saa ya kupeleka chakula, saa ya kumpokea Baba njiani. Jumanne hiyo jioni nilimkuta Mama amekaa mlangoni pa nyumba yetu ya Walukuba, kanga imefungwa ovyo, jambo ambalo sikuwahi kumwona nalo maisha yangu yote. Akaniuliza kwa nini king'ora hakijalia. Nilipomwambia kwamba siku hizi hakilii tena, alinitazama sana, kisha akauliza kwa adabu, "Kwani wewe ni mtoto wa nani?"

Mtaani kulikuwa na majibu mawili. Wengi walisema ni uzee. Mmoja alinivuta pembeni akaninong'oneza kwamba kuna mtu amemtupia kitu. Kaka yangu alipiga simu kutoka Kampala, nikamweleza, akashusha pumzi: "Dada, Mama amepita miaka themanini. Unategemea nini?" Nami kwa siku mbili nzima nilikubaliana naye. Siku ya tatu Mama alikataa uji, akalala mchana kutwa, na usiku akawa macho, akivutavuta shuka kana kwamba anaokota kitu. Mdogo wangu, ambaye ndiye anayeishi naye, hakutaka mjadala. Alimfunga Mama leso kichwani, akaniambia nitafute gari.

Tabibu tuliyemkuta alikuwa kijana, umri wa mwanangu. Alimsalimu Mama kwanza, akamshika mkono, akamwita jjajja, yaani bibi, ndipo akanigeukia mimi.

"Amekuwa hivi tangu lini?"

"Ameshazeeka, daktari."

"Umri wake nimeuona. Nimeuliza, tangu lini?"

Sikuwa na jibu. Nimefundisha shule ya msingi miaka 29, najua mtoto yupi amekosa siku ngapi muhula huu, lakini sikujua mama yangu mzazi alikunywa maji mara ya mwisho lini.

Alimfunulia kope, akamwomba atoe ulimi. Ulikuwa mkavu kama gunia. Kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu, sukari ilikuwa sawa, homa ilikuwepo lakini ndogo. Mkojo wake ulikuwa na rangi ya chai kavu iliyokolea, na vipimo vilionyesha maambukizi. Mwili ulikuwa umeishiwa maji, maambukizi yamepata nafasi, na ubongo umeyumba kwa sababu ya yote mawili. Alitundikiwa dripu, akapewa antibayotiki. Siku ya tano aliniita kwa jina langu, halafu akataka kujua ni nani aliyemvalisha gauni lile.

Ndiyo maana ninaandika. Nina jambo moja tu la kusema, na mengine yote hapa chini yanaliegemea: "ni uzee" lisipokelewe kama jibu kabla mtu hajauliza tangu lini.

Uzee huja polepole. Mtu hazeeki kati ya Jumapili na Jumanne. Tabibu yule alinieleza kwamba ubongo wa mzee una akiba ndogo, kama mtungi uliobaki maji kidogo chini. Kitu chochote kinachoutikisa mwili kinaweza kuumwaga. Maambukizi ya mkojo au ya mapafu, malaria, kukosa maji, choo kigumu cha siku nyingi, mkojo kuziba, maumivu makali, dawa mpya. Mzee huchanganyikiwa kwa saa au siku chache, hali hupanda na kushuka ndani ya siku moja, na usiku huwa mbaya zaidi. Wengine hupiga kelele na kutaka kutoka nje. Wengine hunyamaza na kulala tu, na hawa ndio wanaosahauliwa, kwa sababu mzee aliyetulia hamsumbui mtu. Tena mzee anaweza kuwa na nimonia kali bila homa ya kutisha. Ukingoja mwili uwe wa moto ndipo uamini anaumwa, unaweza kuchelewa.

Kusahau kwa aina nyingine, kule ambako daktari Mjerumani Alois Alzheimer alikueleza mwaka 1906 na ugonjwa ukachukua jina lake, huja kwa miezi na miaka. Mzee anakumbuka harusi ya dada yake ya zamani lakini hajui kama amekula mchana. Anasahau sufuria motoni. Anapotea njia ya kanisani aliyoipita miaka arobaini. Huo nao ni ugonjwa wa ubongo, una madaktari wake, na familia inaweza kufundishwa kuishi nao. Mzee mwenye ugonjwa huo pia anaweza kuchanganyikiwa ghafla akipata maambukizi, kwa hiyo hata kwake swali ni lile lile: leo yuko tofauti na juzi?

Nililia kwa sababu ya yule aliyeninong'oneza pembeni. Simchukii, ni jirani mwema aliyetuletea matoke msibani. Lakini najua vijiji ambako mwanamke mzee anayeongea peke yake usiku huitwa mchawi, watoto wakaanza kumkimbia, na mwisho akafungiwa chumba cha nyuma. Mwanamke huyo labda alihitaji maji na dawa ya siku saba.

Turudi kwenye maji. Mama alipopona nilikaa naye kitandani nikamuuliza, bila kumkemea, kwa nini alikuwa hanywi. Alinijibu kama mtu anayemfundisha mtoto hesabu. "Nikinywa, nitakojoa. Nikikojoa usiku, nitatoka nje. Nikitoka nje, nitaanguka." Choo chetu kiko nyuma ya nyumba, hatua kama ishirini, njia ina jiwe moja linaloteleza. Mwezi wa Agosti alikuwa ameteleza hapo akaangukia mkono, akajiinua mwenyewe, akarudi kulala, asimwambie mtu. Tangu siku hiyo aliacha kunywa kitu baada ya saa sita mchana.

Agosti. Hilo ndilo lilikuwa jibu la swali la tabibu, na lilikuwa kichwani mwa Mama muda wote. Dawa ilitibu mkojo. Kilichomwondolea Mama hatari ni kulitibu lile jiwe.

Wazee huficha kuanguka. Wanaogopa kukatazwa kwenda sokoni, kuhamishwa kupelekwa kwa mwana asiye na nafasi, kufanywa watoto. Ukimuuliza "Umeanguka?" atasema hapana. Mimi sasa namuuliza Mama, "Wiki hii uliteleza wapi?" kana kwamba ni jambo la kawaida la kila mtu, naye hunieleza.

Jiwe tuliling'oa. Kisha tukamwita fundi seremala wa mtaani atutengenezee kiti kizito cha mbao, chenye tundu katikati na mikono miwili imara ya kushikilia, ndoo yenye mfuniko chini yake. Mama alikikataa wiki mbili. Alisema yeye si mtoto mchanga wala si mgonjwa wa wodini. Tulikosea kukiweka kando ya kitanda, mahali ambapo kila mgeni angekiona. Tulipokihamishia nyuma ya pazia, na bibi mmoja wa parokia yetu alipomwambia kwamba naye anacho, Mama alikubali. Adabu ya mzee ni sehemu ya matibabu. Kifaa kinachomwaibisha hatakitumia, hata kiwe kizuri namna gani.

Taa ndogo ya sola inawaka chumbani usiku kucha. Mkeka uliokuwa ukimnasa vidole umekunjwa. Sapatu zimeondolewa, amenunuliwa viatu vilivyofunga kisigino na visivyoteleza. Na kuamka kwake usiku kuna utaratibu: anakaa kwanza, anashusha miguu, anachezesha vifundo, anahesabu polepole mpaka sitini, kisha anasimama ameshika mkono wa kiti, anangoja tena kidogo ndipo atembee. Sababu yake ni presha. Mzee anaposimama damu hushuka miguuni, na mishipa yake haikazi haraka kama ya kijana. Namba ya juu ya presha inaweza kushuka kwa 20 au zaidi katika dakika tatu za kwanza, na kichwa kikazunguka. Dawa za presha huweza kuzidisha hali hiyo. Muombeni anayempima mzee wenu ampime akiwa amekaa, kisha tena akiwa amesimama. Wengi hawafanyi mpaka waombwe.

Nikiwa hapo kwenye presha: mzee aliyepanda kilima na kupimwa akiwa bado anahema, mkono unaning'inia, anaongea, amebanwa na mkojo, atapata namba isiyo yake. Akae dakika tano, mgongo umeegemea, miguu yote miwili chini bila kukunjwa, mkono umelazwa usawa wa moyo, asiongee. Ikiwa 140 kwa 90 au zaidi kwa siku tofauti, hapo kuna la kuzungumza na daktari. Na dawa ya presha humezwa hata siku ambayo mtu anajisikia vizuri. Anajisikia vizuri kwa sababu anaimeza.

Sasa niwaeleze habari ya kaveera, mfuko wa plastiki. Mama alikuwa na mfuko wa kaveera uvunguni, na ndani yake dawa za miaka. Tuliumwaga kitandani, mimi na mdogo wangu, tukahesabu aina tisa. Kulikuwa na amlodipini, dawa ya presha, mara mbili, moja ya hospitali na nyingine ya duka la dawa, ina rangi tofauti hivyo yeye akadhani ni dawa mbili. Siku nyingine alizimeza zote. Kulikuwa na vidonge alivyogawiwa na jirani kwa sababu "vimemsaidia yeye." Na kulikuwa na diklofenaki nyingi, dawa ya maumivu, alizokuwa akinunua kwa ajili ya magoti, kila siku, kwa muda nisioweza kuujua.

Diklofenaki na ibuprofeni ni dawa halali, na zina kazi yake. Lakini kwa mzee, zikimezwa kila siku, zinaweza kutoboa tumbo likavuja damu kimya kimya, zinaumiza figo, hasa mwili ukiwa hauna maji, na zinapandisha presha ile ile anayoitibu kwa kidonge kingine. Mama alikuwa anakanyaga breki na mafuta kwa mguu mmoja. Kwa magoti yake tabibu alianza na parasetamoli kwa kipimo alichoandika, kitambaa cha moto jioni, na mazoezi ya paja, kwa kuwa goti lililochoka hubebwa na paja lenye nguvu. Wenye kisukari wawe na tahadhari yao: glibenklamidi, dawa ya zamani na ya bei nafuu, inaweza kushusha sukari ya mzee kupita kiasi na kuiweka chini kwa saa nyingi, hasa siku ambayo hakula. Mzee wa kisukari akitoka jasho baridi, akitetemeka au akianza kuongea visivyoeleweka, na yuko macho na anaweza kumeza, mpe kitu cha sukari kwanza, kisha mpeleke.

Msimwachishe mzee dawa kwa sababu mmesoma haya. Mwageni kaveera, chukueni kila kitu kilichomo, mitishamba pia, mkamwonyeshe anayemtibu mara moja kwa pamoja. Kazi hiyo ilituchukua asubuhi moja, na mpaka leo sijui kitu kingine tulichomfanyia Mama kilichomsaidia zaidi, ukiacha lile jiwe.

Hapa Uganda kila mgonjwa huenda hospitali na daftari, lile lile la shule. Unalinunua nje ya geti kama huna, na daktari anaandika humo. Watu wengi hulitupa likijaa au huanza jipya kila safari kwa sababu la zamani halionekani. La Mama lilikuwa la tatu mwaka huo. Mawili ya kwanza yalifungiwa karanga. Kama mwalimu, hilo lilinichoma. Nilinunua daftari la kurasa 96 lenye jalada gumu, nikalifunika kwa gazeti kama tunavyofunika vitabu vya shule, na tangu hapo linakaa juu ya kabati, halishuki ila kwa kazi. Ukurasa wa kwanza una dawa zake zote, kipimo na saa. Wa pili una mambo ambayo daktari asiyemjua angepaswa kuyajua: dawa inayomwasha mwili, upasuaji wa mwaka 1988, jicho la kushoto lenye mtoto wa jicho. Baada ya hapo kila siku ina mstari mmoja tu. Vikombe vya maji. Choo. Usingizi. Namna alivyokuwa. Mdogo wangu anaandika kwa kifupi sana, siku nyingine mstari mzima ni "4, hapana, vibaya, anadai vita vya jirani." Inatosha. Tulipokwenda tena hospitali mwezi wa Machi na tabibu mwingine kabisa akauliza tangu lini, mdogo wangu alifungua daftari akasema, "Tangu Alhamisi."

Kiasi cha maji? Kwa Mama tulianza na vikombe sita, vingi kabla ya saa kumi jioni, uji na supu vikihesabiwa. Kiu hupungua na umri, hivyo kungoja aombe maji ni kungoja bure. Mpe kikombe mkononi. Mwenye ugonjwa wa moyo unaojaza maji miguuni au mwenye figo mbovu aulize kipimo chake kwa daktari, maana huyo maji mengi yanaweza kumdhuru.

Chakula kinastahili maneno mengi kuliko nitakayoandika, kwa sababu hapo ndipo tunapowapunja wazee tukidhani tunawadekeza. Mzee hana meno, basi anapikiwa matoke laini, au anapewa chai na mkate jioni, na kila mtu anaridhika kwamba amekula. Ameshiba, ndiyo. Lakini misuli haijengwi na matoke. Mzee hupoteza nyama ya mwili kila mwaka, na asipokula maharage, mayai, samaki, karanga au maziwa, siku moja atashindwa kuinuka kwenye kiti na tutasema ni uzee. Sisi tuna bahati, Masese iko karibu, na dagaa wa ziwani, mukene, tunawanunua wangali wabichi kutoka kwenye mitumbwi au waliokaushwa vizuri juu ya turubai, si mchangani. Mdogo wangu huwakaanga kidogo, huwatwanga mpaka wawe unga, huchekecha, na kijiko kikubwa huingia kwenye uji wa asubuhi na kingine kwenye mchuzi wa karanga. Mwanzoni Mama alilalamikia harufu. Aliongezewa limau, akanyamaza. Chumvi tunapunguza motoni wala haiji mezani. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, kijiko kimoja cha chai cha kila kitu alichokula, na dagaa wa chumvi na viungo vya pakiti humaliza kijiko hicho kabla ya jioni.

Nguvu za miguu nilijifunza kwa jirani yetu Mwislamu, bibi aliyempita Mama umri kwa miaka mitatu hivi. Yeye huinuka kutoka sakafuni peke yake. Nilimuuliza siri, akashangaa swali: "Si naswali?" Mara tano kwa siku, miaka yote hiyo, kuinama, kusujudu, kukaa, kuinuka. Mama yangu ni Mkatoliki, kwa hiyo tumemtafutia ya kwake: kiti imara kimeegemezwa ukutani, anasimama na kukaa mara tano asubuhi na mara tano jioni, mikono ikisaidia kidogo iwezekanavyo. Alianza kwa mara mbili. Kisha anashika ukingo wa meza na kusimama kwa mguu mmoja muda wa Baba Yetu moja, mdogo wangu akiwa nyuma yake. Shirika hilo hilo linashauri wenye miaka 65 na zaidi wafanye mazoezi ya kuimarisha usawa wa mwili angalau siku 3 kwa wiki, pamoja na kutembea. Kulima bustani kunahesabika. Msimnyang'anye mzee jembe kwa kumwonea huruma, mpeni dogo.

Yapo mambo ambayo hayangoji daftari wala mstari wa siku. Mdomo ukipinda upande mmoja, mkono ukilegea, maneno yakivurugika, hicho ni kiharusi mpaka daktari aseme vinginevyo, na kila saa inahesabiwa. Msimpe kitu cha kumeza; koo lake linaweza kuwa limelegea pia. Mzee aliyeanguka asiweze kukanyaga, mguu mmoja ukaonekana mfupi na umegeukia nje, huenda amevunjika nyonga. Huyo hapandishwi boda boda katikati ya watu wawili. Najua jinsi gari lilivyo ghali usiku, nimelilipia. Amueni leo, mkiwa wazima, mtamwita dereva gani, na namba yake iandikeni ndani ya jalada.

Na maumivu. "Mzee lazima aumwe" ni ndugu wa "ni uzee." Baba yangu mdogo alikufa kwa kansa ya tezi dume, na miezi yake ya mwisho hakulia, kwa sababu muuguzi alikuja nyumbani na chupa ya mofini ya maji, dawa ya maumivu makali. Watu wetu wengi hawajui kwamba nchi hii inajulikana duniani kwa jambo hilo. Hospice Africa Uganda, shirika linalowatunza wagonjwa wa namna hiyo, ilianza Kampala mwaka 1993, ikafika Mbarara na Hoima, na tangu mwaka 2004 wauguzi na matabibu waliofunzwa wanaruhusiwa kisheria kuandika mofini, ili mgonjwa wa kijijini asimngoje daktari asiyefika. Dawa hiyo mgonjwa hupewa bure. Wapo wanaoiogopa, wanadhani inaharakisha kifo. Baba mdogo aliinywa akakaa kitako, akala, akagawa mashamba yake kwa mdomo wake mwenyewe. Ulizeni hospitali kubwa iliyo karibu nanyi kuhusu huduma shufaa, ile ya kumpunguzia mateso mgonjwa wa namna hiyo, na mkipewa mofini daini na dawa ya kulainisha choo siku hiyo hiyo.

Pesa ni sehemu ya afya, nami sitaki kujifanya haipo. Serikali ina ruzuku ya wazee, SAGE; tulipoomba ilikuwa shilingi 25,000 kwa mwezi kwa wenye miaka 80 na zaidi. Si nyingi, ila kwa mzee asiye na chochote ni sabuni, sukari na nauli ya kliniki. Mama haipati. Kitambulisho chake cha taifa kinasema alizaliwa mwaka 1953. Aliyemwandikisha alikadiria kwa kumtazama uso. Kwa hesabu hiyo, Malkia Elizabeth alipokuja Jinja kufungua bwawa la Owen Falls, Aprili 1954, Mama alikuwa wa kubebwa mgongoni. Lakini Mama anaikumbuka siku hiyo: alikuwa amembeba mdogo wake, jua kali, wamesimama tangu alfajiri na vibendera mkononi. Kadi yake ya ubatizo tumeipata parokiani, inasema 1943. Barua ya mwenyekiti wa LC1, baraza la mtaa, tunayo. Ombi limepelekwa. Kama mzee wenu ana miaka 75, angalieni mwaka ulio kwenye kitambulisho sasa, msingoje themanini.

Nimemtaja mdogo wangu mara nyingi bila kusema habari zake, na ndivyo tulivyomfanyia nyumbani pia. Yeye ndiye anayelala chumba kimoja na Mama. Alikuwa na meza ya nyanya sokoni, aliifunga Novemba ile "kwa wiki mbili." Mimi nilikuwa naja baada ya shule na mwisho wa wiki, nauliza, naandika, naondoka. Kaka alikuwa anatuma pesa kwa simu, na kwa kweli alituma kila mwezi, na kila alipotuma alishukuriwa na ukoo mzima. Anayempindua Mama saa nane usiku hakuna aliyempigia simu kumshukuru.

Siku moja ya Mei nilimkuta anainama kuchukua beseni akakwama hapo, mkono kiunoni, hawezi kwenda juu wala chini. Nikamsaidia kukaa. Nikaanza kusema pole, kazi nyingi, umechoka. Kisha nikasimama nikateremsha daftari, nikafungua ukurasa wa nyuma kabisa ambao haukuwa na kitu, nikamuuliza mgongo unamuuma tangu lini.

Alikaa kimya kidogo. "Hakuna aliyewahi kuniuliza," akasema. Halafu akaanza kuhesabu kwa vidole. Mgongo tangu Desemba. Usingizi tangu kabla ya hapo. Hedhi ilipotea Februari na ilirudi vibaya. Presha hajapimwa tangu azae mtoto wa mwisho, naye huyo sasa yuko sekondari.

Tulimpima wiki ile ile. Ilikuwa 158 kwa 96.

Kikao cha familia kilikaa Jumapili iliyofuata chini ya mwembe, Mama mwenyewe akiwa mwenyekiti, kwani mambo yalikuwa yake. Kaka alikuja kwa miguu yake, hakutuma. Mdogo wangu alisomewa ukurasa wake kwa sauti, naye kaka aliusikiliza hadi mwisho bila kushika simu. Tuliandika palepale: Ijumaa jioni mpaka Jumapili jioni ni zangu, nalala mimi chumbani kwa Mama. Kaka anamlipa msichana wa kuja asubuhi kufua na kuteka maji, na yeye mwenyewe anakuja wiki ya mwisho ya kila mwezi. Fundi atapandisha kitanda kwa matofali mawili kila mguu, ili anayemwogesha Mama asiiname. Kimo hicho Mama amekijaribu, miguu yake inafika chini. Meza ya sokoni inafunguliwa Jumamosi.

Mama alitaka kuweka sahihi. Alichukua kalamu, akaandika jina lake lote kwa herufi kubwa alizofundishwa na masista, kisha akaturudisha nyuma: Jumamosi haitoshi kwa nyanya, nyanya huoza, aongezewe Jumatano. Tukaandika Jumatano.